Mguu wa Bandia Unaanzia Kwenye Soketi

Kila mara naletewa zile video kwenye WhatsApp, najua nawe umeziona, mtu yuko Marekani ama Ujerumani amekatwa mkono, amevalishwa mkono mweusi wa mota, anashika yai bila kulivunja, anafunga kamba za kiatu, na watu chini wanaandika subhanallah. Mimi pia naandika, manake ni kazi ya ajabu kweli. Lakini siku hizi macho yangu hayaendi kwenye vidole. Yanaenda pale juu, pale ngozi ya mtu inapoingia ndani ya plastiki. Nataka kujua pale pamekaaje, panamkwaruza, panamtoa jasho, huyu mtu ameuvaa tangu alfajiri ama ameuvaa mbele ya kamera tu.

Macho haya nimeyapata kwa ami yangu. Ami alikuwa hamali hapa Mombasa, kwanza Marikiti alafu magodauni ya Shimanzi, gunia la kilo 90 mgongoni miaka na miaka, mtu mwenye miguu ya kutegemewa. Kisukari kikamwingia kimya kimya na kikamuua hisia kwenye nyayo, akakanyaga msumari asisikie kitu, kidonda kikaoza ndani ya kiatu, na daktari akasema mguu wa kulia lazima ukatwe chini ya goti la sivyo tutampoteza mzee. Tukakubali. Sisi nyumbani tulidhani kazi ngumu ni kukatwa, kwamba kidonda kikishapona unaenda kununua mguu kama unavyonunua kiatu, unauvaa, unatembea. Mguu wa kwanza ulipokuja ami alitembea nao kutoka kitandani hadi barazani, akakaa, akauvua, na akauegemeza ukutani kwa muda mrefu sana.

Sasa hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa watu wengi wanapapita haraka.

Mguu wa bandia wa mtu aliyekatwa chini ya goti una vitu vitatu vikubwa. Chini kuna unyayo, katikati kuna bomba, na juu kuna soketi, yaani lile gamba gumu ambalo kigutu chenyewe, kile kipande cha mguu kilichobaki, kinaingia. Unyayo unaweza kuagizwa dukani, bomba pia. Soketi haiagizwi popote, inatengenezwa kwa mwili wa mtu mmoja tu. Fundi anakifunga kigutu kwa bandeji ya plasta, inakauka, anaivua, anamimina plasta nyingine ndani na kupata sanamu ya kigutu. Alafu anaanza kuichonga. Pale ambapo mwili unaweza kubeba uzito, kama ile kano nene chini ya pia ya goti, anapunguza plasta ili soketi ikabane hapo. Pale mfupa uko karibu na ngozi, kama ile ncha ya mbele ya mfupa uliokatwa, ama kile kimfupa cha upande wa nje chini ya goti, anaongeza plasta ili soketi ipaepuke. Kisha karatasi nene ya plastiki, mara nyingi polipropilini, inatiwa ndani ya tanuri hadi ilainike, inavishwa juu ya ile sanamu na hewa inafyonzwa mpaka ishike umbo. Milimita chache upande huu ama ule, na ndiyo tofauti ya mtu anayekwenda sokoni na mtu anayekaa ndani.

Ile soketi ya kwanza ya ami ilipimwa kigutu kikiwa bado kimevimba. Kigutu kinaendelea kupungua miezi mingi baada ya operesheni, hiyo inajulikana na kila fundi, na hata ndani ya siku moja kinapungua, asubuhi soketi inabana na adhuhuri imelegea ndiyo mtu anaongeza soksi juu ya soksi. Ya ami ililegea ikawa inapanda na kushuka kila hatua na kumchubua. Na kwa mtu wa kisukari mchubuko si mchubuko tu, ni mwanzo wa kidonda kingine kitakachokupeleka kukatwa tena juu zaidi. Pale mahali walipoitengeneza tuliporudi kulalamika tukaambiwa mzee azoee. Hiyo kauli bado yaniuma. Mtu hazoei kuchubuliwa!

Joto nalo lina neno lake. Wanaoandika kuhusu hivi vifaa wengi wako kwenye baridi. Hapa Mombasa mwezi wa Machi ukikaa tu barazani shati limelowa, sasa fikiria nyama imefungwa ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, na ndani yake soksi ama laina, yaani kifuniko laini, ya silikoni. Jasho linajaa, ngozi inalainika, inateleza, inachubuka. Ami adhuhuri lazima auvue mguu, akaushe, abadilishe soksi, apumzike, ndiyo aendelee. Ukimpa ami mguu wa kompyuta wa mamilioni ya shilingi, adhuhuri atauvua vile vile.

Na hii hadithi ya kupimwa na kupimwa tena si ya leo. Kule Misri karibu na Luxor kulifukuliwa mwanamke, binti wa kuhani, aliyezikwa yapata miaka 3,000 iliyopita akiwa na kidole gumba cha mguu kilichotengenezwa kwa mbao na ngozi. Watafiti wa chuo kikuu cha Basel walipokichunguza upya walisema mwaka 2017 kwamba kidole kile kilirekebishwa mara kadhaa kimkae vizuri mwenyewe. Nilipoisoma hiyo nilifurahi mno. Yule mama alirudi kwa fundi wake, na fundi hakumwambia azoee.

Lakini sitaki mtu afikirie nadharau zile mota. Ninachokijua kuhusu zile kazi chanishangaza kila siku, na ami pia napomsomea hukaa kimya akasikiliza.

Chukua ule mkono unaoshika yai. Ukikunja misuli ya mkono wako kuna umeme mdogo sana unatoka, na ukibandika sensa, yaani kihisi, juu ya ngozi unaweza kuusoma. Mjerumani Reinhold Reiter alilijaribu hilo miaka ya 1940, Wasovieti wakatoa mkono wao unaofanya kazi kwa umeme wa misuli karibu na mwaka 1960, na mwaka 2007 kampuni ya Scotland iitwayo Touch Bionics ikaleta i-Limb, ambao kila kidole kina mota yake. Shida ni kwamba aliyekatwa juu ya kiwiko hana tena misuli ya kigasha ya kusomwa. Daktari Todd Kuiken wa Chicago akaja na wazo ambalo mimi hadi leo naliona kubwa: zile neva zilizokuwa zikienda mkononi bado zipo na ubongo bado unazitumia habari, kwa hiyo zichukue uzipeleke kwenye misuli ya kifua. Mtu wa kwanza kufaidi alikuwa Jesse Sullivan, fundi wa umeme wa Tennessee aliyepoteza mikono yote miwili mwaka 2001 baada ya kupigwa na stima kazini. Akifikiria kufunga kiganja, msuli wa kifuani unacheza, sensa inasoma, mkono wa mota unafunga. Na lililowashangaza hata madaktari, akiguswa kifuani alihisi ameguswa mkononi.

Upande wa miguu kuna goti linaloitwa C-Leg, la kampuni ya Kijerumani Ottobock, lililotoka mwaka 1997. Ndani lina kompyuta ndogo inayopima pembe na uzito mara nyingi kila sekunde, na inakaza ama kulegeza majimaji ya ndani ili goti lisikunjike ghafla mtu akijikwaa. Kwa aliyekatwa juu ya goti hilo ni jambo kubwa, manake kuanguka ndiyo hofu yao ya kila siku. Bei yake ni makumi ya maelfu ya dola.

Alafu kuna Hugh Herr. Kijana wa miaka 17, mpanda milima, mwaka 1982 akakwama kwenye dhoruba ya theluji Mount Washington, baridi ikamla miguu, yote miwili ikakatwa chini ya goti. Akajitengenezea miguu ya kupandia majabali, akasoma, leo ni profesa wa chuo cha MIT kule Marekani na anatembea kwa vifundo vya mota alivyobuni na wenzake. Ila kazi yake ninayoipenda zaidi haiko kwenye mota, iko kwenye kisu cha daktari. Misuli yetu imepangwa kwa jozi, mmoja ukijikaza mwenzake unavutwa, na kule kuvutwa ndiko kunauambia ubongo mguu uko wapi hata ukifumba macho. Mguu ukikatwa kwa njia ya zamani ile jozi inakufa. Herr na daktari Matthew Carty wa Boston wakabuni namna ya kukata ambayo misuli miwili inaunganishwa tena ndani ya kigutu, mmoja ukivuta mwenzake unavutwa. Wa kwanza kufanyiwa alikuwa mpanda milima mwenzake, Jim Ewing, mwaka 2016. Mwaka 2024 wakachapisha matokeo ya watu 14, saba waliokatwa hivyo na saba waliokatwa kwa kawaida, na wale wa njia mpya wakiwa na mguu wa roboti unaoongozwa na neva zao wenyewe walitembea kwa kasi ya juu iliyozidi ya wenzao kwa 41%.

Hapo ami alinikatiza. Ami usiku vidole vinamuwasha, vile vya mguu usiokuwepo. Anaamka anataka kujikuna anapapasa shuka. Mwanzoni alidhani anaingiwa na kitu na alikuwa haoni vizuri kumwambia mtu yeyote. Daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell alieleza jambo hili kwa kina mwaka 1871 baada ya kuwatibu wanajeshi wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ni jambo la kawaida kabisa kwa waliokatwa, na ningependa kila mgonjwa aambiwe kabla hajatoka wodini. Nilipomweleza habari za ile jozi ya misuli akasema, "Basi binti yangu, hao wanaujua mguu wangu." Akaniuliza kama yeye aweza kufanyiwa. Nikamwambia ukweli, kwamba ni kitu cha hospitali chache za mbali kwa sasa.

Kuna pia wanaotaka kuiondoa soketi yenyewe. Msweden Per-Ingvar Brånemark miaka ya 1950 aliona kwamba titani ikiwekwa ndani ya mfupa wa sungura, mfupa unaishika haitoki tena. Ndiyo msingi wa meno ya kupandikiza, na mwaka 1990 ikaanza kutumika Sweden kwa waliokatwa viungo: fimbo ya titani inaingizwa ndani ya mfupa, ncha yake inatokeza nje ya ngozi, mguu unafungwa hapo moja kwa moja. Hakuna plastiki ya kubana wala jasho. Lakini pale chuma kinapotokeza ni mlango wa vijidudu siku zote, na wagonjwa wa kisukari kwa kawaida hawakubaliwi. Na hapa kwetu kisukari na ajali za boda ndivyo naviona vikijaza benchi la kungojea mguu, kwa hivyo soketi tutakuwa nayo bado.

Utafiti mmoja wa Toronto, wa Elaine Biddiss na Tom Chau, mwaka 2007 ulikusanya tafiti za miaka 25 kuhusu mikono ya bandia na ukakuta karibu robo ya watu wazima wanaiacha, ile ya umeme 23% na ile ya kuvuta kwa mkanda 26%. Ona namba hizo zilivyokaribiana. Umeme haukuwaokoa kuiweka kabatini. Uzito, joto, kukosa raha, kukosa matumizi, hizo ndizo sababu watu wanazitaja.

Kwa hivyo nikiulizwa ni uvumbuzi gani wa karne iliyopita nautukuza, nataja mguu wa Jaipur. India, miaka ya mwisho ya 1960, daktari P. K. Sethi na fundi wa mikono Ram Chandra Sharma waliangalia wagonjwa wao wakiondoka na miguu ya kizungu iliyotengenezwa kwa mtu anayevaa kiatu na kukaa kwenye kiti. Watu wale walikuwa wanachutama, wanakaa chini kwa kukunja miguu, wanatembea peku mashambani. Wakatengeneza unyayo wa mpira na mbao unaopinda kila upande, usiohitaji kiatu, unaoingia majini. Husimuliwa kwamba Sharma aliupata ule mpira kwa fundi wa matairi ya baiskeli. Sethi alipewa Magsaysay, tuzo kubwa ya Asia, mwaka 1981, na shirika lililoanzishwa Jaipur mwaka 1975 kugawa miguu hiyo bure limefika nchi nyingi za Afrika.

Sababu inayonigusa mimi ni msikiti. Mguu wa bandia unapangwa kulingana na urefu wa kisigino cha kiatu chako. Ukipangwa kwa kiatu cha kisigino alafu ukakivua, mguu wote unalala nyuma na goti linasukumwa, unahisi waanguka chali. Ami Ijumaa anafika mlangoni, anavua viatu kama kila mtu, na pale pale mwili unamwendea kombo, akawa anaswali nyumbani. Miezi ilipita hatujui kwa nini. Tulipompata fundi mwingine, binti mdogo tu lakini anaijua kazi, hakuanza na mguu, alianza na maswali: mzee waamka saa ngapi, wapanda ngazi, choo cha nyumbani ni cha kukaa ama cha kuchutama, wavaa nini miguuni. Ami akamwambia, "Mwanangu, mimi ni mtu wa champali, na msikitini hata hizo naziacha mlangoni." Akaupanga mguu upya kwa unyayo wa chini, akachonga soketi nyingine, akamtembeza ami kwenye zile reli za mazoezi, akamkalisha, akakagua ngozi ilipogeuka nyekundu, akasugua plastiki kidogo, akamtembeza tena. Ami aliswali jamaa wiki ile ile.

Mafundi kama yule ni wachache mno. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti mwaka 2022 kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji kifaa saidizi cha aina moja au nyingine, miwani ikiwemo, na katika nchi zingine maskini wanaovipata ni 3% tu ya wanaohitaji. Wanaosomea kazi hii Afrika Mashariki wengi wanakijua chuo cha TATCOT pale Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1981. Hapa Mombasa tuna APDK, shirika la walemavu la tangu 1958, na kule Bombolulu karakana za watu wenye ulemavu zimekuwepo tangu 1969, vito, mbao, nguo, kazi safi. Na huko Kikuyu kuna vijana wawili, David Gathu na Moses Kiuna, mwaka 2021 habari zao zilienea dunia nzima baada ya kutengeneza mkono wa roboti kwa vyuma na elektroniki zilizotupwa, unaoongozwa na mawimbi ya ubongo. Nawaombea kila la heri, na natamani kwa dhati karibu na meza yao kukae fundi wa soketi.

Kuhusu zile fremu za kuvaliwa mwili mzima, eksoskeletoni, ami ana hamu nazo kuliko miguu, kwa sababu ya mgongo wake. Wamarekani wa General Electric miaka ya 1960 walijenga moja inaitwa Hardiman, ilikuwa na uzito wa kilo 680 hivi, na walipojaribu kuiwasha nzima ilitikisika vibaya hata mtu hakuweza kuwekwa ndani. Baadaye Amit Goffer wa Israeli, mwenyewe aliyepooza kwa ajali mwaka 1997, akabuni ReWalk, fremu yenye mota nyongani na magotini, na mwaka 2012 Mwingereza Claire Lomas, aliyepooza kuanzia kifuani, akaimaliza nayo marathoni ya London kwa siku 16. Goffer mikono yake ilikuwa dhaifu asiweze kuitumia yeye, manake inahitaji magongo. Ilipoanza kuuzwa Marekani bei ilikuwa karibu dola 70,000, na ilitaka sakafu bapa. Vichochoro vya Mji wa Kale na ile teremko ya feri Likoni wakati wa msukosuko wa jioni haviingii hesabuni.

Ila zile zisizo na mota kabisa ndizo naona zaweza kutufaa mapema. Mwaka 2015 Steven Collins na Gregory Sawicki na mwenzao walionyesha kifaa cha kifundoni cha springi na klachi, bila betri, kinachopunguza nguvu za kutembea kwa 7%. Ford mwaka 2018 iliwapa wafanyakazi wa viwanda vyake 15 fulana za springi za kunyanyulia mikono. Springi na mikanda ni vitu mafundi wa Majengo wanavijua. Nikiwaona mahamali wa Kongowea alfajiri, kijana wa miaka ishirini na kitu ameinama chini ya gunia, nawaza mgongo wa ami, na nawaza hao vijana wangepata mkanda wa springi wa bei ya tairi la mkokoteni, uliopimwa miili yao na jua letu.

Saa hii ami soketi imeanza kulegea tena, kigutu kimepungua, na mwezi ujao twarudi kwa yule binti. Foleni yake ina watu wa Kwale na Kilifi, wengine wanatoka nyumbani usiku. Ami ana ombi jipya: kuna mjukuu Likoni anataka kumzoesha kuogelea, na yeye ataka mguu wa kukanyagia mchanga na maji ya chumvi bila wasiwasi. Nimemwambia polipropilini haiogopi maji, tumuulize fundi habari ya skrubu.